Upande wa Sikio Zima

Miaka ishirini na saba ulibeba chumvi ya Gongoni
ukaishusha Mombasa, ukarudi na vumbi la simenti kwenye kope,
na lori likakulipa kwa namna yake:
bahasha kila mwisho wa mwezi,
na uziwi wa sikio la kulia, upande wa dirisha.

Kwa hiyo nilipokwambia, Baba Mbeyu,
zamu yangu ya chama imefika,
nataka tununue chombo cha umeme, chetu wawili,
ulicheka mpaka chai ikakupalia.
"Chombo kisichonguruma ni kama mbwa asiyebweka.
Utajuaje kama kiko hai?"

Sikubishana.
Mwanamke akikaa na dereva
hujifunza kupanda mlima kwa gia ndogo.

Jumatatu nikakupeleka Maweni, kwa kijana wa pikipiki.
Ukaizunguka mara tatu kama mnunuzi wa ng'ombe,
ukapiga teke gurudumu, ukainusa.
"Haina hata harufu."
Tukapanda, mimi nyuma, nimeshika shati lako,
nikakwambia: tazama, mkwaju wa kwa kina Sidi wameukata.
"Ehe?"
Upepo ulikuwa umelimeza neno njiani.
Mbele yangu mgongo wako tu,
ukuta uliosahauliwa kupakwa chokaa.
Nikasema, hii hapana.
Ukafurahi, ukidhani umeshinda.

Kisha ile baiskeli ya betri, viti viwili, pedali nne,
ya mgeni wa Casuarina aliyekuwa akirudi kwao.
"Nimestaafu," ukasema, "halafu nikanyage?"
Ikaishia hapo.

Ni Kitsao wa Barani, fundi wa kuchomelea,
aliyekuwa na tuktuk kuukuu iliyotolewa injini,
betri zimefichwa chini ya kiti kama akiba ya bibi,
kibao cha mbele kimepanuliwa watu wawili wakae bega kwa bega,
usukani kausogeza kulia.
Nikapima kwa macho: wewe kulia,
mimi kushoto,
upande wa sikio zima.

Hukusema kitu. Uliinama, ukapapasa breki,
ukamwambia Kitsao, "Nati hii umeikaza kupita kiasi."
Hapo nikajua.
Dereva halaumu nati ya gari asilolitaka.

Tulitoka saa kumi alasiri, tukashika njia ya Mambrui.
Darajani Sabaki, maji ya kahawia chini yetu,
ukapunguza mwendo.
"Nini hiyo?"
"Vyura."
Ukanyamaza hadi ng'ambo.
"Daraja hili nimelivuka siwezi kuhesabu," ukasema.
"Sikujua pana vyura."

Na mimi, kwa sauti ya ndani ya nyumba,
nikatamka maneno niliyokuwa nikiyapigia kelele
tangu Mbeyu hajazaliwa:
polepole, kuna shimo.
"Nimeliona," ukajibu.
Nikageukia mashamba usinione uso.

Mambrui tukafika na asilimia kumi na mbili.
Kinyozi mmoja akatupitishia waya dirishani kwa shilingi hamsini.
Saa mbili nzima tukakaa kwenye benchi lake
tukila viazi vya karai, ukwaju ukikuchuruzika kidevuni,
tukawasema watu wote tunaowajua.
Kwa kinyozi ulitoa kifua:
"Hii haili mafuta, bwana. Hata tone."
Utadhani uliiunda wewe.
Kwangu hukukiri neno.
Uliniuliza tu, huku ukitazama pembeni,
kama ile zamu ya chama imebaki chochote,
maana kioo cha mbele kina ufa.

Usiku nikatoka uani kukuita ule.
Ulikuwa umekaa gizani karibu nayo,
taa yake ndogo ya kijani ikimulika goti lako,
umeiinamia, umeitegea sikio.
Nikaita mara mbili. Hukusikia.
Nilikuwa nimesimama upande mbovu.

Nikazunguka.