Sikio la Sufuria

Baba amegonga bati Kamukunji miaka thelathini na mmoja.
Hata akilala, kiganja hujikunja
kana kwamba nyundo bado imo.

Mimi napika githeri nyuma ya karakana,
na mwezi wa pili nilitenda dhambi ndogo:
nilinunua sufuria River Road,
nyepesi, inang'aa, chapa ya samaki wawili
na maandishi nisiyoweza kuyasoma.
Bei yake nusu ya zile za Baba.
Nusu iliyobaki ikawa viatu vya Mwende,
na daftari tatu, na chenji ya chumvi.
Sasa niambieni: nani kaniibia, nani kanipa?

Redioni msomi mmoja, sauti laini kama siagi:
"Utandawazi umeifikisha dunia mlangoni kwetu."
Mwenzake akamjibu: "Imefika, ila haikubisha hodi."
Mafundi wakacheka, vijiko mdomoni.
Kioko akasema,
"Hata bati tunalogonga limetoka ng'ambo.
Nyundo yangu ya Uhindi.
Tukikataa cha mgeni tutagonga nini, magoti?"
Hakuna aliyemjibu. Githeri ilikuwa moto.

Alhamisi Baba akaja kula.
Niliisukuma sufuria nyuma ya gunia la makaa,
lakini Baba hahitaji macho.
Mwiko ulipogusa ukingo akainua kichwa:
"Hiyo hailii kama yangu."

Kimya.
Nje, nyundo mia zinabishana,
hakuna inayongoja nyingine imalize.

Sikio moja lilikwisha katika, wiki ya tatu tu.
Akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba
kama anayempima homa mtoto wa jirani.
Akatoa ribiti mbili mfukoni. Akagonga mara nne.

"Siku hizi kazi ndiyo hii," akasema.
"Sufuria zinakuja kwa meli,
masikio yanakatikia hapa.
Nafunga arobaini kwa wiki."

Nikamuuliza: hiyo ni faida au hasara?
Akahesabu kwa vidole vyake tisa
(cha kumi kilibaki kwenye mkasi wa bati
mwaka ule wa mvua nyingi),
akapotelea katikati, akaanza upya, akaacha.
"Nipakulie," akasema.

Akala. Akaramba kijiko.
Nilipotaja hamsini ya githeri
akaniwekea ishirini mezani.
Thelathini, akasema, ni ya sikio.