Safu ya Nne

Kwanza jina la makala, pili jarida, tatu mwaka,
nne: imenukuliwa mara ngapi.
Ndivyo fomu ya kupandishwa cheo inavyotaka,
nami, karani wa masjala, huku Bwiru juu ya mawe,
nayapiga chapa maisha ya Daktari Leokadia Masatu
bahasha iwahi basi la alfajiri.

Makala ya kumi na moja ndiyo nono:
mara mia sita na nne.
Waandishi thelathini na wawili, yeye wa ishirini na tisa,
katikati ya majina yanayonishinda kutamka,
dagaa mmoja ndani ya beseni.
Mchango wake? Nilikuwamo safarini, najua.
Alibeba vinyesi vya watoto mia mbili katika kisanduku cha barafu,
kivuko kikazima injini katikati ya maji,
akavua kanga, akailowesha, akakifunika kisanduku,
akakaa kichwa wazi juani mpaka tulipokuja kuvutwa.
Kanga haikutajwa hata kwenye shukrani.

Makala ya nne, mara saba.
Mbili kati ya hizo saba kajinukuu mwenyewe.
Nilimuuliza, akacheka:
"Ukingoja jirani akutaje, utazeeka hujaitwa."

Makala ya tisa:
Konokono wa Ufukwe wa Kayenze, Miezi Kumi na Minane ya Kuhesabu.
Kila Jumanne mabuti ya mpira, upawa wa waya,
magoti ndani ya matete,
kisha kila konokono na kichupa chake chini ya taa,
asubiriwe ateme vidudu vyenye mkia uliogawanyika,
na kidole cha Daktari kikibonyeza kile kihesabio,
ta, ta, ta, hadi mlinzi aje kufunga geti.
Mara ngapi?
Sifuri.

Nimeichapa sifuri hiyo, nimeifuta, nimeichapa tena.
Si huruma.
Mdogo wangu Mabula alitapika damu palepale Kayenze,
tumbo limejaa kama kiroba, miguu vijiti.
Tukasema karogwa.
Tukauza ng'ombe wawili tukamlipa mganga
ambaye, tumpe haki yake, hakudai kunukuliwa na mtu.
Mwaka huo makala ya tisa ilikwishatoka,
kwa lugha asiyoisoma mama,
katika jarida ambalo hata maktaba yetu haijalilipia.

Basi Jumamosi nimekwenda Kayenze kwenye arobaini ya shangazi.
Mama mmoja, mikono ina magamba ya sangara hadi viwiko,
anamkaripia mwanawe aliyekwisha kuchota kata:
"Weka! Maji ya ziwa yalale kwanza ndooni siku mbili,
madudu ya konokono yafe njaa ndipo uoge. Wamesema."
Nani kasema, mama?
"Wamesema tu. Wewe mgeni?"
Hakutaja jina, wala mwaka, wala ukurasa.
Mtoto akarudisha kata, akanuna,
akabaki na vumbi lake miguuni.

Leo asubuhi nikamsimulia Daktari.
Nilitaka nimwone anatabasamu, nikiri.
Alikuwa ameshika kalamu, anatafuta pa kusaini.
Akaiweka chini.
"Kafa njaa," akasema polepole, kama anayeonja chumvi.
"Mimi niliandika aya nzima kusema hivyo."
Halafu: "Ndoo ilikuwa na kifuniko?"
Sikuangalia.
"Ilikuwa kivulini? Na wanachotea wapi siku hizi,
kwenye matete au kule penye mawe?"
Sikuangalia, Daktari.

Saa tisa sasa.
Fomu ipo mezani, safu ya nne imejaa juu hadi chini,
mahali pa saini peupe,
bahasha imeachama.
Nyuma ya mlango, pale yanapokaa mabuti,
kuna alama mbili tu za tope kavu.
Na leo wala si Jumanne.