Vitanda Mia na Tisini na Viwili

Ardhi ya Thunder Bay mwezi wa Januari haichimbiki.
Basi wakaleta udongo kwa lori,
wakaumwaga juu ya theluji kama unga kwenye sinia,
waziri apate kuuchota
kwa sepetu iliyopakwa rangi ya dhahabu.
Vitanda mia na tisini na viwili, akasema.
Tukapiga makofi na glavu mikononi,
makofi mabubu.

Armas Rautiainen alikuwa kando yangu, kwenye kiti cha magurudumu:
miaka arobaini na moja ya vumbi la ngano kifuani,
na sasa hicho kingine, alichoonyeshwa kwenye picha,
kikubwa kama kete ya bao.
"Huyo kachota kijiko," aliniambia.
"Kaka yangu alikufa mwezi kama huu.
Tuliwasha moto siku mbili
ndipo ardhi ikakubali."

Mimi nilikuwa mwogeshaji wa mkewe.
Jumanne na Ijumaa, dakika arobaini na tano,
na dakika ya kuvua viatu imo humo humo.
Aili alikuwa amesahau majina ya wanawe
lakini hakusahau kupima maji kwa kiwiko.

Mionzi ya Armas: siku tano kwa wiki, saa nne asubuhi.
Nani atabaki na Aili?
Nikapiga simu ofisi ya saratani.
Wakasema, mke si mgonjwa wetu.
Nikapiga ofisi ya wazee.
Wakasema, mionzi si kazi yetu,
mama yumo kwenye orodha, ni wa mia tatu na sita.
Kijana wa simu alikuwa mpole. Alisema, naelewa.
Naamini alielewa. Naye ana safu zake za kujaza.

Usiku nikausoma mpango wa serikali, wote,
chai ikipoa, kurasa mia mbili na kitu.
Saratani ina mfuko wake,
uzee una mfuko wake,
na kati ya mfuko na mfuko pana mshono
ambamo watu wawili wanalala chini ya blanketi moja.
Nilitafuta neno *mume*. Nilitafuta *mke*.
Nikapata *mtoa huduma asiye rasmi*.

Akawa anakwenda naye.
Anamkalisha koridoni, anampa kitambaa akunje,
anaingia chini ya mashine.
Siku ya tisa alipotoka, kitambaa kilikuwa kitini
kimekunjwa vizuri.
Walimkuta maegeshoni, na ndara,
anaulizia basi la kwenda kiwandani kwa baba yake.

Siku ya kumi Armas hakwenda.
Wala ya kumi na moja.
Kwenye faili waliandika: *mgonjwa ameahirisha*.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia
hujui kunguni wake.
Na kitanda kisichojengwa je?
Hata kunguni hana pa kuzaliwa.

Alikufa mwaka uliofuata, Februari,
jikoni, birika likiwa motoni.
Siku hizi hawawashi tena moto makaburini.
Maiti husubiri kwenye chumba cha baridi mpaka Mei.
Nikacheka peke yangu garini, Mungu anisamehe:
hata huko, foleni.

Barua ya Aili ikaja wiki ile ile.
Kwa kuwa sasa hana mtu, amekuwa wa dharura.
Kutoka mia mbili na tisini akaruka hadi wa kwanza.
Miaka miwili mumewe alibembeleza simuni,
na kumbe alichotakiwa kufanya
ni kufa tu.
Nafasi imepatikana, mji mwingine,
saa tano na nusu kwa gari. Jibu kabla ya kesho saa sita.

Nilimfungia sanduku mimi. Akaniuliza,
Armas analeta gari?
Nikasema theluji ni nyingi.

Mei walimzika. Baadaye nilipita pale kwenye bango.
Rangi imepauka, namba bado inasomeka.
Ule udongo wa lori upo,
kichuguu kidogo tu,
na sijui ulitoka shamba gani,
umeota ngano.