Habari za Mto

Kisanduku chenyewe hakizidi kubdari
aliyoniletea Madona, ingali ya moto,
imeviringishwa kitambaa cha jikoni.
Nimevilaza bega kwa bega juu ya benchi:
mkate wa nyama, na kompyuta isiyo na kioo,
isiyo na kibodi, isiyo na uso wa kumtazama mtu.
Nasema nayo kwa waya mmoja mwembamba
na herufi nyeupe zinazochelewa.

"Inajua lugha gani?" Madona anauliza.
Yake, nasema. Haitaki salamu,
inataka nukta ikae mahali pake.

Nje mnara wa ukoo wao umesimama, jiwe juu ya jiwe,
theluji ya Machi ikimeguka kwenye paa lake.
Chini ya mnara, korongo. Ndani ya korongo, mto.
Mwaka juzi mto ulipanda saa nane za usiku
ukazoa daraja, mizinga ya nyuki kumi na minne,
na mtamba aliyekuwa na mimba ya kwanza.
Kipimo kilikuwepo. Kilipima vizuri sana.
Namba zote zilikutwa tumboni mwake asubuhi,
dakika kwa dakika,
hata moja haikutoka kwenda kumwamsha mtu.

Basi leo naanza na eth sifuri.
Huyu ni wa waya: mita themanini za kebo nyeusi
zinashuka mwambani hadi kwenye kipimo.
Nampa anwani isiyohama,
maana mwenye kwao haombi chumba kila usiku.
Taa ya kijani inakonyeza. Naita, kipimo kinaitika:
sentimita arobaini na moja. Maji yamelala.

Kisha wlan sifuri, wa hewani.
Huyu anataka kubembelezwa:
jina la mtandao wa shule, kule bondeni,
na nywila aliyoitunga mwalimu Besik
kwa jina la mbwa wake na mwaka aliooa.
Nusu saa nzima ananikatalia.
Nalaumu theluji. Nalaumu antena.
Namlaumu Besik, namlaumu mbwa.
Kumbe alama ya nukuu niliifungua, sikuifunga;
mlango niliouacha wazi kwenye faili
ndio ulionifungia hewani.

Naifunga. Anapokelewa, anapewa anwani ya kupanga.

Sasa wote wawili wako hai
na hakuna kinachotoka.

Natuma neno moja Tbilisi. Kimya.
Natuma tena. Madona ameacha kuuliza,
na hilo ni baya kuliko maswali.
Nachungulia jedwali la njia, namwona mkosaji:
ni mimi. Kwa mazoea ya mkono
nilimwandikia wa waya mstari wa lango,
ule usemao: chochote usichokijua, kipitishe hapa.
Na wa waya ni mwepesi, huaminiwa kwanza.
Kila nilichotuma kilishuka korongoni
kwa kebo nyeusi, mita themanini,
kikaishia kwenye kipimo kisichojua kitu ila maji.

Habari za mto nilikuwa nazipeleka mtoni.

Nafuta mstari mmoja.
Siufuti kwa mdomo, wa kusahaulika umeme ukikatika;
naufuta kwenye faili lenyewe, nahifadhi,
kisha nachomoa waya wa umeme makusudi.
Madona anashika kichwa.
Tunasubiri giza dogo la sekunde thelathini na nane.
Taa ya kijani. Kisha ile ya buluu,
inasita, inawaka, inakaa.

Kutoka Tbilisi, Guram wa zamu ya usiku anajibu:
Arobaini na moja. Nimeipata.

Kubdari imepoa. Madona anaikata hivyo hivyo.
"Kwa hiyo mto ukija, hiki kitaniamsha?"
Hapana. Kitamwamsha Guram,
na Guram atakupigia wewe.
Anatafuna, anawaza njia nzima, kiungo kwa kiungo.
Halafu anafuta mafuta vidoleni,
anatoa simu yake mfukoni mwa aproni,
na kuipandisha sauti hadi mwisho.