Akala ya Kulia

Baba alinunua akala jozi, akamaliza moja.
Ya kulia ililiwa na gurudumu la nyuma
kwenye mteremko wa kutoka Kiboswa;
ya kushoto ilirudi nyumbani nzima, mjane,
mama akaikata, akaipiga misumari,
ikawa bawaba ya banda la kuku.
Nimekua nikihesabu miaka kwa akala za kushoto.

Breki zilikuwepo siku baiskeli ilipotoka dukani.
Mimi sikuzikuta.
Nilikuta unyayo.

Mikungu minne ya ndizi, Mbale hadi Kibuye,
saa kumi za usiku, tochi mdomoni.
Kupanda alilipa kwa jasho,
kushuka alilipa kwa mpira.
Dunia ilivuta baiskeli, ikavuta ndizi, ikamvuta Chogo mwana wa Ambani,
haikuuliza ipi mbivu na ipi mbichi,
wala nani ana watoto watano.
Alichokuwa nacho cha kuijibu
ni kipande cha tairi la lori
kikisuguana na tairi la baiskeli,
na mlio wake, ambao watu wa Mamboleo
waliuzoea kuliko jogoo.
Akala ya kulia, ikilia.
Unyayo ulipoanza kuungua alijua kasi imepungua:
haikupotea, ilihamia mguuni.

Mvua ikinyesha, hakupanda.
Maji hujipenyeza kati ya mpira na mpira
kama mchongezi kati ya marafiki,
na mshiko wa jana unakuwa utelezi.
Basi alitembea, visigino mbele, mgongo nyuma,
akiushikilia mzigo kama mtu anayemzuia
shemeji mlevi asiingie ugomvini.

Kisha siku ya mbuzi.
Mbuzi alisimama katikati ya lami, akamtazama.
Baba akakanyaga kwa nguvu zote. Gurudumu likasimama.
Baiskeli ikasimama.
Kamba ya katani ikakatika
na mikungu minne ikampita begani, hewani,
ikaendelea na safari ya Kibuye.
Alirudi jioni na pua imevimba, akicheka:
"Ndizi hazikuwa zimeambiwa tumesimama."

Miaka mingi baadaye, nikiwa na chaki mkononi,
sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Nafundisha fizikia hapa Majengo.
Nachora mishale: huu uzani, huu msuguano.
Wiki jana niliuliza darasa:
mtu ameketi kwenye kigoda,
ni kani zipi zinazomgusa?
Lumadede akaandika, kwa mwandiko mzuri sana:
"Hakuna. Amepumzika."
Nikampa sifuri.

Jumamosi nikaenda nyumbani.
Baba alikuwa kwenye kigoda, mguu wa kulia umenyooshwa.
Goti limekwisha. Daktari alisema mfupa unasugua mfupa,
kile kilichokuwa katikati kimelika;
akataja bei ya goti jipya.
Baba akauliza kama na huko wanauza kwa jozi.

Baiskeli inaning'inia ukutani kwa msumari mmoja.
Nimeutazama msumari ule
tangu chai ilipokuwa moto hadi ilipopoa.
Haulegei. Kila dakika dunia inaiita baiskeli chini
na kila dakika msumari unakataa,
bila jasho, bila kelele,
na mgeni akiingia ataona kitu kilichotulia tu.

Na kigoda, kilichochongwa na marehemu Vugutsa,
miguu mitatu, mmoja mfupi,
kinamsukuma baba juu
kwa kiasi kile kile anachokilemea.
Hakizidishi. Hakipunguzi.
Akiegemea kusema jambo, nacho kinajirekebisha,
kinatoa sauti ndogo.

Jumatatu nitaichukua tena karatasi ya Lumadede.
Sifuri itabaki, jibu si sahihi.
Lakini nitaandika pembeni: karibu.

Mama ameenda kuwafungulia kuku.
Mlango umezunguka juu ya akala ya kushoto,
ya mwaka gani, sikumbuki,
laini, haina hata alama.