Ukuta wa Kati

Nyumba saba nyuma ya soko, mjini Moshi,
zimeshikana mabega kama watu wa foleni ya mafuta ya taa
tangu mwaka ule ulioandikwa kwa saruji kwenye kipaji cha nyumba: 1936.
Bati moja. Mfereji mmoja wa mvua.
Chini duka, juu kitanda, katikati ngazi ya mninga
inayomjua kila mtu kwa uzito wake.
Aliyezichora hakupenda fujo:
dirisha juu ya dirisha,
mlango, mlango, mlango,
na juu ya kila mlango nusu duara ya vioo,
chungwa lililokatwa.

Wakauza moja, ya nne.
Nyundo nikapewa mimi.
Fundi Ndekirwa akaniambia, Anzia juu, uteremke.
Ukuta wa kati usiuguse, ule hauna mwenyewe.

Siku tatu nilivua mabati, nikang'oa fremu,
chungwa likanivunjikia mkononi.
Siku ya nne pengo likafunguka,
na ndani ya pengo, Kibo.

Mtaa ulisimama. Muuza viazi aliacha mafuta yaungue.
Miaka themanini na ushee
mlima ulikuwa nyuma ya chumba cha mtu.
Wakapiga picha. Wakaniambia, Kijana, umetufungulia.
Sijawahi kusifiwa hivyo kwa kujenga.

Anansia, mshonaji wa nyumba ya tano, hakuutazama mlima.
Alikuja na chaki yake ya kitambaa,
akaweka kiganja kwenye ukuta wake
upande ambao hajawahi kuuona:
kijani cha sebule, masizi ya jiko,
msumari wa kalenda,
alama za ngazi zikipanda, zikipinda, zikipanda,
hadi hewani.
"Kumbe ndivyo ulivyo," akauambia, si mimi.
Kisha akanionyesha mahali Gulshan alipokuwa akigonga:
mara mbili, chumvi imeisha;
mara tatu, njoo upesi.
Mara tatu aligonga usiku mmoja tu.

Rangi ya tatu ilipobanduka, penseli ikatoka chini yake,
mwandiko wa mtu wa duka, umeinama kulia:
*Ngowi. Sukari ratili mbili. Bado.*

Msimamizi alitaka plasta kabla ya masika.
Nikapiga. Pale penye penseli
nilipapasa tu, saruji nyembamba kama uji wa mgonjwa.

Leo pana ghorofa sita za vioo.
Kibo imerudi nyuma ya vyumba vya watu.
Jengo lina kuta zake lenyewe, halimwegemei mtu;
kati yake na Anansia pamebaki nafasi ya kiganja
ambamo maji yanashuka na hakuna anayegonga,
na humo, gizani,
plasta yangu imeshaanza kupasuka, najua,
na Ngowi bado anadaiwa.