Kabla Hujafunga Begi

Toa hiyo kanzu, Sumaili. Weka mabuti.
Ndiyo, yale ya shambani Simbo,
yenye udongo wa mihogo kwenye kisigino.
Ubelgiji mwezi wa saba ni kiangazi kwa jina tu:
mvua yao haipigi bati kama ya Ujiji ikapita,
inanyunyiza, inanyunyiza, kama mtu anayepiga pasi,
mpaka malisho yote ya ng'ombe yanakuwa uji mzito
na wewe umesimama katikati, ngoma kichwani.

Barua ya mwaliko, nakala tatu kwa Sebabili pale Mwanga:
moja begini, moja kwa mwenzio, moja niachie mimi.
Afisa wa uwanja wa ndege hatakuuliza kama unajua kupiga.
Atakuuliza unalala wapi na unarudi lini.
Hilo la pili lijibu haraka.

Mlangoni watakufunga utepe mkononi.
Usiufungue, hata ukikuwasha,
hata ukioga (na kuoga utalipia).
Mimi niliukata usiku wa kwanza kwa kisu cha nyanya,
nikidhani nimeshafika.
Asubuhi nikawa mgeni upya, nje ya uzio,
nasikia kundi letu linapiga bila mimi.
Nilipiga makofi pamoja na wauza soseji.

Noti zako hazifanyi kazi ndani.
Wanakubadilishia vipande vya plastiki, mfano wa vifungo vya koti:
kimoja maji, viwili viazi vya kukaanga na mayonezi.
Mayonezi, Sumaili. Pilipili hakuna, zoea.
Na bilauri usitupe, ukiirudisha unapewa chako.
Nimewaona watoto wa shule wakiziokota kwenye tope
kama wale wa Kibirizi na dagaa waliomwagika.

Pamba za masikio. Usicheke.
Spika zao ni ndefu kama mnara wa simu wa Gungu
na zinaongea kifuani.
Nataka ukirudi uisikie adhana
bila kuniuliza.

Ukisalimia wasipojibu, usinune.
Saa zao zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane:
wakisema nane, jua ni mbili yetu,
na wakisema mbili na dakika tano,
ile dakika ya sita jukwaa ni la mtu mwingine.
Simu itaisha chaji. Chagueni mapema pa kukutania,
lakini si jukwaani, gizani majukwaa yote ni ndugu.
Sisi tulichagua choo chenye bendera ya zambarau.
Bendera ikaibiwa.

Watakuuliza kama unatoka Kongo.
Mimi niliulizwa mara kumi na moja, nilihesabu.
Usichoke, wala usikimbilie kukana,
bibi yetu alivuka kutoka kule na debe la mawese mapajani.
Sema: natoka ng'ambo ya ziwa,
upande mliojenga bandarini kisha mkaondoka.
Wengine watakunywa bia yao kimya.
Mmoja, bibi mwenye koti la mvua la njano,
alinishika mkono, akasema neno pekee alilobakiwa nalo,
la yaya wake, tangu utotoni:
"Lala."
Saa tisa mchana, manyunyu, watu maelfu wanaruka.
"Lala," akarudia, ananitazama.
Sikujua nimjibu nini.
Nashona nguo za watu hapa Kasingirima mwaka wa nne huu,
na bado sindano husimama nikilikumbuka.

Shika hivi viwili. Vilibaki kwenye pindo la kitenge.
Havinunui kitu, kila mwaka wanabadilisha rangi.
Viweke tu.

Garimoshi halina shangazi wa kulibembelezea, kalale.
Lakini kwanza huyo mgebuka mkavu uliyemficha ndani ya ngoma,
mtoe.
Mashine yao humwona hata mwiba.
Na mimi sina mashine, Sumaili, nina pua.